Si Ririan, ni Ririan

Nikisikia harufu ya sweta ya shule iliyolowa mvua, hadi leo hufungua dirisha. Ni harufu ya sufu mbichi, moshi wa jikoni na ile sabuni ya mche tuliyofulia bwenini, na kwangu mimi ndiyo harufu ya wiki moja ya mvua ndefu nilipokuwa kidato cha nne, katika shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji wa Nyeri. Wenzangu wakikumbuka mwaka ule husimulia jinsi hesabu zilivyowatoa jasho. Mimi hesabu nilizipenda. Kilichotaka kunimaliza ni herufi moja tu.

Jumatatu asubuhi diputi, naibu wa mwalimu mkuu, aliniita ofisini akanionyesha karatasi mbili. Cheti cha shule ya msingi kilisema Lilian Wangechi. Cheti cha kuzaliwa, ambacho mama alikuwa amekileta kwa ajili ya usajili wa mtihani, kilisema Ririan Wangechi. "Wewe ni nani kati ya hawa wawili?" aliniuliza, na hakuwa anatania. Alinieleza kwamba jina la mtihani lazima lifanane na la cheti cha kuzaliwa, kwamba usajili unafungwa Ijumaa, na kwamba nikisajiliwa Ririan basi nitazeeka nikiwa Ririan. Tena chuo kikuu kikiona vyeti vinagombana, kinaweza kusema huyu ni watu wawili na kuwanyima nafasi wote wawili. Fomu yangu ya kuchagua kozi nilikuwa nimeshaijaza kwa penseli, udaktari kuanzia chaguo la kwanza hadi la mwisho, jina Lilian likiwa juu, kila herufi katika kisanduku chake. Nilitoka pale nikarudi darasani. Usiulize kuhusu masomo ya siku zile, maana nilikuwa nikifungua kitabu naona R tupu.

Jinsi kosa lilivyotokea nilijua bila kuuliza. Kwetu Gatitu lori ni rori na Jumapili ni Jumapiri, na hakuna anayeona ajabu. Nilipozaliwa, mama alinipa jina la muuguzi aliyemshika mkono tangu uchungu ulipoanza hadi nilipolia, mwanamke mpole ambaye hakumwona tena maishani. Alilipenda jina lile kuliko alivyoweza kulitamka. Alipokwenda kunisajili alilisema kama alivyolisema siku zote, karani akaandika alichosikia, na karatasi ikakaa ndani ya Biblia miaka yote hiyo bila mtu kuisoma.

Alhamisi diputi alinipa ruhusa ya kwenda na mama kusahihisha cheti. Mama alikuwa ameshapokea nyanya zake kutoka Kagio asubuhi ile, na alikuwa akiziuza mwenyewe kila siku ya Mungu, lakini aliziacha kwa jirani, akavaa koti lake la kanisani na kitambaa kipya cha kichwa. Tulisimama kwenye foleni ya ofisi ya kusajili vizazi tangu asubuhi, mvua ikitudondokea kutoka ukingo wa mabati, sweta yangu ikinuka. Mama alikuwa mchangamfu kabisa. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, hiyo ni kitu kidogo, atawaambia na watarekebisha. Nami nilimwamini, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwamini.

Karani aliyekuwa dirishani alisoma cheti, akamtazama mama. "Sasa jina ya ukweli ni gani?"

"Ririan," mama akasema.

"Si ndiyo hii iko hapa? Shida iko wapi?"

"Hapana. Hapo mumeandika Ririan. Mimi nirisema Ririan. Si Ririan, ni Ririan!"

Karani aliweka kalamu chini. Alimwomba arudie pole pole, na mama, masikini, akarudia pole pole, akikata jina vipande kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma: Ri-ri-an. Masikioni mwake yalikuwa majina mawili tofauti kabisa. Foleni nzima nyuma yetu iliangua kicheko. Karani naye alicheka, ingawa alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi na dakika chache kabla nilimsikia akisema kwenye simu "papa" badala ya "baba". Yeye hakuna aliyemcheka, kwa kuwa ndiye aliyeshika muhuri.

Niliona udaktari wangu ukienda hivi hivi, mbele ya macho yangu, kwa sababu ya ulimi wa mtu. Nikamgeukia mama yangu mzazi, nikapaza sauti mbele ya wote: "Sema L! L! Kwani ulimi wako una nini? Utaniharibia maisha na huo ushamba wako!"

Kicheko kilikatika. Mama alinitazama kidogo, akakaza kitambaa chake kichwani, akasogea kando kunipisha. "Mwambie wewe," akasema. "Wewe ndio umesoma."

Nililiandika jina kwenye kipande cha karatasi, nikalisukuma dirishani. Karani alilisoma, akatikisa kichwa. Faili lazima iende Nairobi, akasema, na itachukua miezi. Ee Mungu wangu. Hata mama angelitamka jina lile kama mtangazaji wa redio, jibu lingekuwa lile lile.

Ijumaa nilisajiliwa Ririan. Niliandika Ririan juu ya kila karatasi ya mtihani. Udaktari sikuupata, na wala si kwa ajili ya jina, kemia ndiyo iliyonishinda. Niliitwa kusomea ualimu wa hesabu, na chuoni hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za cheti cha shule ya msingi. Lakini tangu Alhamisi ile mama hajalitamka jina langu la ubatizo. Ananiita Wangechi. Mwanzoni nilidhani ni mazoea mapya tu. Nilipogundua kwamba analikwepa, miaka ilikuwa imepita, na sikujua nianzie wapi kuomba msamaha kwa jambo ambalo yeye hakulitaja hata mara moja.

Siku hizi wanafunzi wangu wanashughulikia vyeti vyao kwenye simu wakiwa wameketi. Binti yangu ananisumbua nami nirekebishe jina, ati linawachekesha wenzake. Namwambia nitafanya, na sifanyi. Mwezi uliopita nilimpeleka mama hospitalini mjini Nyeri kwa sababu ya magoti yake. Msichana wa mapokezi alimwandika vizuri, kisha akamuuliza huyu aliyemleta anaitwa nani. Mama alifungua mdomo. Niliuona ulimi wake ukitafuta mahali pa kukaa, halafu akafunga mdomo.

"Muulize yeye mwenyewe," akasema. "Atakuambia vizuri."

Niliinama dirishani nikasema naitwa Ririan. Msichana akauliza kama ni kwa L ama kwa R. "Kwa R," nikasema, kwa sauti, ili mama asikie. Alikuwa akitazama viatu vyake.