Sanduku la Zainab katika Gari la Mboga

Zainab alikaa juu ya sanduku lake kutoka kwao Walthamstow, London, mpaka mji wa vikapu, na kutoka mji wa vikapu mpaka mji wa vyungu, na kila alipoambiwa ahamie kiti cha mbele alijibu kwamba hapo alipo anaona raha. Raha gani? Gari lenyewe lilikuwa la kuazima, la Chaman muuza mboga wa pale sokoni. Nyuma halina madirisha, linanuka kotmiri na vitunguu, na kila shimo la barabara lilimrusha mpaka kichwa kikagonga bati. Hashuki. Ufunguo wa sanduku ameufunga kwa pini ndani ya gauni, upande wa moyo, na kila baada ya muda anaupapasa kuona kama upo.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka wa sabini na tatu, ile Jumatatu ambayo Waingereza hawaendi kazini. Safari aliizua mumewe, na hilo peke yake lilitosha kumtia Zainab wasiwasi. Jaffar, aliyekuwa karani wa karafuu Unguja na sasa anapanga barua posta, hapendi safari. Kwenda Barking tu kwa mdogo wake Nizar hulalamika wiki nzima. Mtu huyo huyo, siku ya Alhamisi, alivua koti, akatundika kofia, akasema, "Mama Kulsum, Jumatatu twende mashamba tukaone Waingereza wanavyofanya vitu kwa mikono yao. Wako wanaosuka vikapu, wako wanaofinyanga. Mtoto naye aone."

"Mie vikapu nimeviona," alisema Zainab.

"Hujaona vya huku."

"Kwani vya huku vinabeba nini ambacho vya kwetu havibebi?"

Jaffar akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye neno jingine mdomoni. "Na sanduku tutalichukua. Lina ufa lile. Huenda huko tukampata fundi."

Ufa ulikuwapo kweli, na mkosaji alikuwa Zainab mwenyewe. Baridi ya mwaka wa kwanza, walipofika sitini na nane, alilisogeza sanduku karibu na jiko la mafuta ya taa ili nguo za mtoto ziamke na joto. Ubao ule wa msaji uliovumilia unyevu wa Unguja miaka kumi na mitatu ukakauka kama mkate wa juzi, ukapasuka kutoka kwenye kifuniko mpaka chini. Misumari ya shaba ikaanza kudondoka mmoja mmoja, na Kulsum akawa anaiokota na kuitia katika kopo la kakao. Lakini ufa huo una miaka mitano. Miaka mitano Jaffar anaupita, hausemi. Leo ndiyo anauona?

Tena lilikuwapo jambo la wiki tatu nyuma. Nizar alikuja, wakajifungia sebuleni ndugu wawili, wakanong'ona kwa Kizungu wakidhani mama wa nyumba hasikii. Wanaume hawa walisahau kwamba mwanamke anayeshona kola za mashati nyumbani kutwa nzima, redio ikisema kando yake, lugha itamwingia atake asitake. Alisikia duka. Alisikia magazeti. Alisikia dipoziti, pesa ya kutanguliza. Kisha Nizar akasema, kwa Kiswahili sasa, "Kaka, si lipo sanduku?" Na mlango ukasukumwa ukafungwa vizuri.

Basi ili ieleweke kwa nini mtu mzima akae juu ya sanduku kama kuku aatamiaye, ni lazima lijulikane sanduku hilo lilikuwa na nini. Lilitengenezwa na fundi Ranjan, aliyekuwa na kibanda chake nyuma ya Darajani, na fundi Ranjan alikuwa na desturi yake. Likimalizika sanduku la bibi harusi, wanaume wote hutolewa nje, hata baba mtu. Hubaki fundi na bibi harusi na mama yake. Fundi humwonyesha mara moja tu mahali pa siri, humtazama bibi harusi akipajaribu kwa kidole, kisha husema, "Sasa mimi nimesahau." Na mume hulelewa hivyo, kwamba hapo haulizi. Anajua papo, hajui pako wapi, na hiyo ndiyo adabu.

Katika siri hiyo Zainab aliweka bangili sita za dhahabu za mama yake Jaffar, alizovishwa siku ya harusi. Jaffar alijua zimo. Nizar alijua zimo. Ukoo mzima, wa Unguja na wa Barking, ulijua zimo.

Hazikuwamo.

Hazikuwamo tangu wiki ile ya mwisho Unguja. Jirani yao wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Mwanamwema, na mwanawe Msabaha alikuwa amechukuliwa na askari miezi minne, mama mtu hajui kama amfulie kanzu au amsomee hitima. Akapatikana mtu aliyesema anaweza kumtoa, lakini mtu huyo hakutaka maneno matupu. Zainab alizipitisha bangili kwenye dirisha la jikoni, zimefungwa katika kitambaa cha kuchujia tui. Baada ya mwezi, akiwa London, akapata barua: Msabaha yuko Tanga, mzima, amekonda. Akaisoma mara mbili, akaichana. Alitaka kumwambia Jaffar ndani ya ndege, lakini Jaffar alikuwa analia. Akataka kumwambia walipopata chumba, ikaja baridi. Kisha neno likawa limekaa mno, na neno likikaa hivyo halisemeki tena, hata ukilitengenezea mwanzo mzuri.

Kwa hiyo alilokuwa akililinda ndani ya gari la Chaman lilikuwa droo tupu. Ikifunguliwa leo mbele ya Nizar, ataitwa nani? Mwizi wa dhahabu ya marehemu?

Mji wa kwanza, Zainab aliupa jina la Vikapuni, maana jina lake la Kizungu lilimshinda. Jaffar, Kulsum na Nizar aliyekuwa akiendesha wakashuka. Yeye akabaki. Nizar akamletea chai katika kikombe cha karatasi.

"Bhabhi, shuka unyooshe miguu," alisema. Ndivyo anavyomwita, kama wanavyoitwa wake wa kaka kwao. "Kuna bibi anasuka kapu kubwa unaweza kumtia Kulsum ndani."

"Mtieni. Mie nipo."

"Unaliogopea nini sanduku? Nani atalibeba, vibarua wanne?"

"Si vibarua ninaowaogopa," alisema Zainab, akanywa chai akimtazama juu ya kikombe.

Mji wa pili ukawa Vyunguni. Kupitia kioo cha mbele alimwona Jaffar akizungumza na mfinyanzi mmoja mwenye udongo mpaka viwikoni, kisha akalinyooshea gari kidole. Mfinyanzi akaja, akachungulia, akauliza swali, na ndani ya swali Zainab alilinasa neno la kuuza. Jaffar alijibu kwa kichwa. Lakini alikuwa amempa mgongo, na kichwa cha mtu ukikiona kwa nyuma, katika jua, hujui kimekataa au kimekubali.

Na chai sasa ikawa imefanya kazi yake. Zainab alivumilia, akabana magoti, akasoma dua alizozijua, mwisho akamwita Kulsum.

"Kaa hapa. Usishuke, hata baba yako akikwambia. Umesikia?"

Kulsum, miaka tisa, akauliza kwa Kizungu kama sanduku litakimbia.

"Kaa!"

Aliporudi, mbio, viatu mkononi, mtoto alikuwa pale pale akila biskuti.

"Amekuja nani?"

"Daddy."

"Amefanya nini?"

Kulsum akakunja kidole, akagonga ubao wa sanduku pembeni, ngo, ngo, ngo, akatega sikio. Halafu akagonga mahali pengine.

Mji wa tatu ulikuwa Vitini. Waliambiwa na mfinyanzi kwamba huko yuko mzee mmoja, fundi wa viti, anayejua mbao za nchi za joto kwa sababu ujana wake aliupitisha kwenye karakana ya meli. Mzee alikuwa nyumbani kwake, karakana iko uani, mlango wazi, na maranda yamejaa mpaka kwenye vizingiti. Sanduku likashushwa, Jaffar huku, Nizar kule, na Zainab katikati anatembea nalo mkono juu ya kifuniko, kama watu wanavyolisindikiza jeneza. Mzee akasogea karibu. Alipiga goti, akapitisha kidole gumba katika ufa wote, akanusa. Akatabasamu. Kisha akaomba lifunguliwe.

Zainab akawageuzia mgongo, akatoa pini, akafungua mwenyewe.

Nguo zilikwisha kutolewa nyumbani. Mzee akatia mkono wa kushoto ndani, wa kulia nje, akaisogeza pamoja kutoka upande hadi upande. Ilipofika kwenye kishubaka cha pembeni, mikono ikaachana. Akarudia. Akasema polepole, na safari hii Zainab hakuhitaji mkalimani: ndani ni pafupi kuliko nje, inchi tatu. Hapa pana kitu.

"Ndipo hapo!" Nizar akaruka. "Kaka, ndipo! Mwambie afungue!"

Mzee alikwisha kuchukua patasi nyembamba. Jaffar akamshika mkono.

"Hapana," alisema. Akamgeukia mkewe. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefika dukani akakuta mlango wazi na mwenye duka hayupo. "Zainab. Sikuja kuiba. Sanduku nimelileta kwa ajili ya ufa, wallahi. Lakini na lile jingine lilikuwamo moyoni, siwezi kukudanganya. Kanti wa mtaani kwetu anauza duka lake la magazeti. Nilitaka kukuomba bangili kila siku, nikaona unavyolikalia, nikasema huyu hanidhani mimi mtu. Nikagonga, nikaona haya. Fungua mwenyewe, au usifungue, turudi London."

Angeweza kusema turudi. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alimwona Jaffar anavyomngoja, miaka mitano ya kulipita sanduku bila kuuliza, akaona kwamba akirudi nalo leo, atalikalia mpaka kufa.

Akainama. Akabana ubao wa kishubaka pembeni kwa vidole viwili, ukainuka kama kope. Nyuma yake droo, upana wa kiganja. Akaivuta.

Punje tatu za karafuu na kipande cha udi.

"Ziko wapi?" Nizar alisema. "Bhabhi, ziko wapi? Za mama yetu zile!"

"Nilimpa Bi Mwanamwema. Msabaha alipochukuliwa. Ndizo zilizomtoa."

"Ulimpa jirani? Dhahabu ya mama, kwa mtoto wa jirani? Kaka, unasikia?"

Jaffar aliichukua punje moja ya karafuu, akaiviringisha baina ya vidole, karani wa zamani, kama anapima ubora. Mzee wa Kizungu akauliza kama amekufa mtu.

"Nizar," alisema mwishowe, "mama alipougua, nani alimlisha uji?"

Nizar akainamia maranda.

"Nani alimkosha? Wewe ulikuwa Mombasa. Mie nilikuwa ofisini. Bi Mwanamwema ndiye aliyemgeuza ubavu kwa ubavu, siku arubaini. Mama angelikuwa hai zingepita dirisha lile lile."

"Sasa duka?"

"Duka la Kanti litanunuliwa na watu wengine. Mie nitapanga barua."

Hapo Zainab akaanza kulia, na Jaffar akamnyamazisha kwa ukali ambao hakuutarajia. "Usilie! Sijakusamehe. Bangili nimekusamehe. Miaka mitano tumelala chumba kimoja, wewe unajua, mie sijui. Hiyo bado."

Mzee akatia gundi, akabana sanduku kwa jiliwa mbili, akarudisha misumari ya Kulsum kutoka kopo la kakao, na pa mmoja uliopotea akapaacha wazi, akisema hana wa kufanana nao na hataki kudanganya. Jioni wakaondoka. Nizar aliendesha, Kulsum kando yake. Jaffar alipanda nyuma, akakaa juu ya sanduku pamoja na mkewe, na kila shimo liliwarusha wote wawili.

Walipokuwa wanaingia London, taa za maduka zimeanza kuonekana, akauliza bila kumtazama, "Sanduku hili, lina pengine?"

"Pengine wapi?"

"Pengine pa siri. Ninauliza tu."

"Fundi Ranjan alinionyesha mahali pamoja."

"Alikuonyesha mahali pamoja," alisema Jaffar, taratibu, kama mtu anayehakiki barua isiyo na anwani.

Zainab akatoa pini, akamwekea ufunguo kiganjani. Jaffar akautazama, akaurudisha. Adabu ni adabu.

Mambo yakarudi yalivyokuwa, au karibu na hapo. Kola zikaendelea kushonwa, barua zikapangwa, Nizar akanuna miezi miwili kisha akaja siku ya Idi na halua. Sanduku likawekwa mbali na jiko. Lakini mara nyingine, Zainab akiwa jikoni, chapati ziko motoni, husikia kutoka chumbani, ngo, ngo, ngo, kisha kimya cha mtu anayetega sikio. Hupunguza moto, humwacha agonge. Hajampata wa kumlaumu ila nafsi yake.

Na zipo siku, Jaffar yuko posta na mtoto yuko shule, redio imezimwa, ambapo Zainab huiacha kola nusu, humfikiria fundi Ranjan na ile sauti yake ya kusema amesahau. Alisahau mahali pamoja tu? Huinuka, huenda chumbani, hupiga goti upande ule ambao hakuonyeshwa kitu, hukunja kidole, na kugonga.