Kitanda Kwenye Njia ya Mbooni

Juzi vijana waliokuja kutembea kwenye vilima vya Mbooni waliniambia, "Mama, hii njia ni rahisi sana."

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto mdogo, baba na wajomba zangu waliishuka wakikimbia, wamembeba mama kitandani kumpeleka hospitali. Uchungu wa kuzaa ulikuwa umemzidi. Njia ilinukia mapera mabivu, nami niliwafuata nikisikia mama akilia. Kisha akanyamaza.

Wakatua kitanda. Mjomba mmoja akamfunika mama uso kwa shuka, nikadhani anamkinga jua.

"Turudi nyumbani," akasema. "Polepole, hakuna haraka tena."

Nilifurahi sana kwamba mama amepona. Nikamchumia mapera, nikamwambia aamke ale. Baba aliyapokea, akayatia mfukoni, akanishika mkono tukapanda.