Mpiga Ngumi wa Jirani Yetu Kule Ibra

Juzi nilikwenda Ibra, kule Omani, kwenye arusi ya binamu yangu, na njia ikanipitisha kwenye ile nyumba ya udongo ya bibi, iliyobaki ukuta mmoja na fremu ya mlango. Nikasimama. Nawe ungesimama, maana katika sebule ile, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilimwona mtu niliyemjua akipigana mbele ya dunia nzima.

Jirani yetu alikuwa mwalimu wa Kiingereza, Muayalandi mpole aliyejifunza kusema shikamoo ili apate mkate wa kumimina wa bibi. Msimu mmoja wa baridi mdogo wake akaja kukaa naye. Kijana alikuwa bondia wa ridhaa. Alikuwa kapelekwa nje kuiwakilisha nchi yao mara ya kwanza, akatolewa pambano la kwanza tu, na tangu hapo hakutaka hata kuziona glovu. Bibi, mtu wa Unguja asiyejua Kiingereza hata neno, akamtazama, kisha akaniambia, "Mwambie aliyeanguka ndiye ajuaye ardhi ilivyo ngumu. Ale, halafu akakimbie."

Akala. Mchuzi wa papa, wali wa nazi, tende za Al Qabil. Akaanza kukimbia wadini, kwenye bonde kavu la mto, juu ya mawe, na sisi wasichana tukienda skuli tunamkuta anarudi, jasho linamchuruzika. Mwalimu akamning'inizia gunia la mchanga kwenye boriti ya banda la mbuzi. Jioni tunasikia du, du, du, mpaka mbuzi wenyewe wakazoea. Sijapata kuona mikono myepesi vile. Joto lilipoanza akarudi kwao.

Mwaka uliofuata, siku moja baada ya alasiri, mwalimu alikuja kwetu mbio, hodi haimalizi. Mdogo wake kaingia nusu fainali ya mashindano ya Ulaya, na dishi la televisheni mtaani lilikuwa letu tu! Sebule ikajaa majirani, pamoja na wanawake waliotoka suku, soko lao la Jumatano, na vikapu vyao.

Raundi ya pili akaangushwa. Mwalimu hakustahimili, akatoka uani.

"Kasimama?" aliuliza kutoka nje, kwa Kiingereza.

Nikamfasiria bibi. "Mwambie kasimama, mashallah," bibi akasema, machozi yanamtoka. "Mwambie anamrudia yule yule aliyempiga!"

Kweli alimrudia. Mdomo unavuja damu, anamfuata yule mrefu kona hadi kona, mpaka kengele ya mwisho. Nywele zilinisimama: uso ule ulikuwa ukila mkekani kwetu. Vigelegele vikapigwa, kumbe kashindwa kwa pointi. Lakini katika ngumi za ridhaa, wanaotolewa nusu fainali hupewa nishani ya shaba, wote wawili. Siku ya fainali, alipovishwa yake, bibi akastaajabu: "Kapigwa, na kapewa nishani? Wallahi, hao watu wana adabu."

Mwalimu akainama mbele ya bibi, akamwambia shikamoo.

Kijana akaipigania nchi yake miaka michache tena, asifike juu ya hapo, kisha akawa anafundisha wenzake. Mwalimu alihama. Bibi yuko mchangani, Mungu amrehemu. Siku hizi kila mtu na simu yake, ngumi za dunia nzima zimo kiganjani. Ila sijaona tena watu wazima wamejazana sebuleni, wakimlilia kijana wa watu ambaye hata lugha yake hawaijui.