Maswali ya Ijumaa ya Mwalimu Zaitun

Mimi nafundisha hesabu, na tangu nihamie Bungu hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kumsimamisha mtoto njiani akamuuliza, "Leo mwalimu wa hesabu kauliza nini?" Mtihani wangu unatoka na kurudi kimyakimya. Lakini Ijumaa, Mwalimu Zaitun akishatoa jaribio lake la Kiingereza, barabara nzima inasubiri. Wauza korosho wanaliacha basi la Lindi lipite bila kulikimbilia. Wazee waliotoka msikitini wanakawia kwenye benchi la kahawa. Mwanafunzi wa kwanza akitokea na sare yake, anapigiwa kelele, "Leo katajwa nani?"

Zaitun ni jirani yangu. Nyumba zetu za walimu zinatenganishwa na ukuta mwembamba, kwa hiyo nayajua mengi nisiyoyauliza. Ni Mmatumbi wa milimani, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Aliachika zamani, hana mtoto, na anayedhani hilo ni jambo la kumhurumia hajawahi kukaa naye hata asubuhi moja.

Alipoanza kazi hapa, wanafunzi walimtoa jasho. Sheria yenyewe aliyokuwa akiifundisha ni nyepesi: kitenzi cha Kiingereza kimfuate mtendaji wake, mmoja apewe chake na wengi wapewe chao. Lakini maswali ya kitabuni yalijaa akina Joni na Meri, wanacheza kwenye theluji, wanampeleka mbwa matembezini. Watoto wa Bungu walijibu kwa kufumba macho na kudunga kalamu popote. Joni hawamjui. Kama yuko peke yake au na wenzake, wao inawahusu nini?

Zaitun akawafukuza Joni na Meri, akaweka watu wa hapa hapa. Wake wawili wa Haidari, anagombana au wanagombana? Beberu wa Mzee Sufiani, anakula au wanakula mahindi ya jirani? Darasa zima likapata, maana ugomvi ule tuliusikia wote, na beberu yule tunamjua kwa sura. Matokeo ya wilaya yalipotoka, mkuu wa shule aliyekuwa amejiandaa kumkemea alikohoa, akayatazama tena, akaenda kunywa chai.

Mgeni atauliza kwa nini hakupigwa mawe. Ni kwa sababu ya utani. Wamatumbi na Wandengereko, wenyeji wa hapa, ni watani tangu mababu, na mtani hakasiriki. Mtani anaweza kulala mbele ya jeneza akazuia njia mpaka apewe chochote, na mfiwa atacheka huku machozi yanamtoka. Zaitun alikuwa mwangalifu kwa hilo: waliotajwa kwenye maswali yake wote ni Wandengereko. Mimi ni Mpare, kwa hiyo hajawahi kuniandika, na sitaki mtu anifikirie vibaya nikisema kwamba liliniuma kidogo.

Aliyeandikwa kuliko wote ni Abubakary Mtoro. Huyu analima ufuta kule Mtawanya, na ana kibanda cha nazi kando ya barabara. Ana pikipiki iliyochoka, na wanafunzi walishaulizwa mara nyingi kama ni yeye anayeisukuma au wanasukumana. Mkewe alifariki miaka iliyopita. Siku ya mazishi Zaitun alivaa koti la marehemu na ndala zake, akashika ufagio, akamfokea Abubakary mbele ya waombolezaji kwamba nyumba chafu na hajachota maji. Mwanamume aliyekuwa hajatoa neno mdomoni tangu usiku alicheka mpaka akakaa chini. Nilikuwepo. Nadhani ilianzia pale.

Baada ya hapo alikuwa hapiti mbele ya nyumba ya Zaitun bila kulipiza. Mara amfungie kuku mbovu mlangoni na kumwambia ni mkaguzi wa shule. Mara apaze sauti barabarani kwamba Wamatumbi waliteremka milimani kwa kuanguka. Zaitun alitoka na mwiko, wakatukanana kwa raha zao, na mimi upande wa pili nikashindwa kusahihisha.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoingia. Mwaka juzi watani hao hao walimletea Zaitun posa. Walikuja na kanzu zilizopigwa pasi, bahasha imefungwa kwa leso, Mzee Sufiani mbele amejaa heshima. Barua ilipofunguliwa, mposaji alikuwa yule beberu. Bungu ilicheka wiki nzima.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya ufuta, wakaja tena. Kanzu zile zile, leso ile ile, Mzee Sufiani yule yule. Zaitun alikuwa uani anaparua samaki, mikono imejaa magamba.

"Tumetumwa na Abubakary Mtoro," akasema Mzee Sufiani. "Anataka jiko."

"Beberu amekufa au ameoa kwingine?" akauliza Zaitun. Akaipokea bahasha kwa mikono ile ile ya magamba, akacheka mpaka ukuta wangu ukatikisika. Wazee wakaaga. Ijumaa iliyofuata, swali la kwanza kabisa lilikuwa la Abubakary na barua yake: imefika au zimefika kwa mwalimu, na je, yeye na beberu wananuka au ananuka? Benchi la kahawa lilipasuka kwa vicheko.

Abubakary hakulipiza.

Hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Mtani akitaniwa hujibu, na asipojibu ujue pana jambo. Siku zikapita. Mlangoni kwa Zaitun hapakufungwa kuku. Pikipiki ikaanza kupita njia ya nyuma, tena ikisukumwa, ili isisikike. Zaitun akaniuliza juu ya ukuta, "Mwalimu, kwani Abubakary anaumwa?" Nikamjibu kwamba mimi nafundisha hesabu.

Aliyemwambia ni Mzee Sufiani mwenyewe. Alikuja bila kanzu, akasimama mlangoni, akakataa kiti. "Mwanangu, ile ya pili ilikuwa kweli," akasema. "Kosa letu, tungetuma watu wengine. Lakini hapa nani si mtani wako?"

Usiku ule upande wa pili hapakusikika redio wala sufuria. Nilimwonea huruma, nasema wazi, ingawa ulimi wake ulishanichosha. Kumbe alikuwa akimtaka yule bwana kwa muda mrefu, na jibu lake lilikuwa ndiyo. Angempa nani sasa?

Asubuhi akaenda kibandani. Mimi nilikuwa pale nanunua nazi, sikuwa napeleleza.

"Bwana Abubakary, nisamehe," akasema. "Sikujua kama unasema kweli. Nami nakujibu kweli. Nakutaka."

Abubakary akageuka. Akachukua nazi, akaitikisa sikioni.

"Umetumwa na nani, mtani?" akauliza. "Waambie nimecheka."

Ikawa hivyo. Maneno yake yote yalikwishazoeleka kuwa mzaha, na la kweli alilokuwa nalo halikuwa na pa kupitia. Angelia, wangesema leo kapatia. Angetuma wazee, wangetafuta beberu. Alirudi nyumbani akaketi kizingitini na kanga kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunitania hata aliponiona nimevaa soksi tofauti.

Ijumaa ikafika. Jaribio likatoka. Mtoto wa kwanza akatokea barabarani, wakampigia kelele kama kawaida, "Leo katajwa nani?"

Mtoto akasita. "Mwalimu," akasema. "Kajitaja mwenyewe. Karatasi nzima."

Wakamnyang'anya karatasi, wakamtafuta wa kuwatafsiria. Swali la kwanza: Zaitun ana mdomo mkubwa au wana? La pili: masikio yake yako wapi, linasikia au yanasikia? Yakaenda hivyo hivyo, kila swali anajichana mwenyewe mbele ya watu waliokuwa wakimwogopa. La mwisho lilisema Zaitun aliicheka barua aliyokuwa akiisubiri, na sasa, analia au wanalia? Watu wakacheka maswali ya mwanzo. Walipofika la mwisho, mwenye kahawa akasahau kumimina.

Maana utani una wawili. Unamtania mwenzio, mwenzio anakutania, na hakuna aliyewahi kumwona mtani akijitania mwenyewe. Hata mimi Mpare nilielewa kwamba hapa hapakuwa na mzaha.

Warda, binti wa dada yake Abubakary, yuko kidato cha pili. Alimpelekea mjomba karatasi kibandani, akamsomea swali baada ya swali. Sijui walizungumza nini. Najua kwamba alasiri pikipiki ilikuja kwa njia ya mbele, ikapiga kelele, ikazimika nje ya nyumba yangu, na Abubakary akaisukuma hatua zilizobaki. Amevaa kanzu. Mkononi ana karatasi ya jaribio, imejibiwa yote kwa kalamu ya kuhesabia nazi.

"Hodi, mwalimu. Nimeleta nisahihishiwe."

Zaitun alitoka, akaipokea, akaketi kizingitini na kalamu yake nyekundu. Hakucheka. Alipitia swali moja moja, akikata alama za kosa: mkasi, mkasi, mkasi. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti upande wangu wa ukuta, na kama kuna mwenye la kusema aseme.

"Umefeli, Bwana Abubakary," akasema hatimaye. "Hujapata hata moja."

"Najua," akajibu. "Mimi wa kusomeshwa kila siku, Ijumaa peke yake hainitoshi."

Nilingoja Zaitun arushe lake. Aliikunja ile karatasi, akaiingiza kifuani ndani ya gauni, akainamisha kichwa.

"Waambie wazee warudi," akasema taratibu. "Safari hii nitakuwa nimenawa mikono."