Siku Kasilda Aliporudi

Kasilda alikuja Gitega kutoka Muyinga na mfuko mmoja na siri moja. Tulikuwa watu kumi na wanane kwenye mafunzo ya kuwasaidia wanaotaka kuacha pombe na dawa za kulevya, na mimi nilikaa naye dawati moja, kwa hiyo kukoroma kwake nakujua. Mwenyewe alikuwa ameacha kanyanga, ile pombe kali ya kificho. Kituo cha Muyinga kilimwahidi kazi akipata cheti. Tatizo, mtu mmoja mwenye mdomo mrefu alimwambia kwamba aliyeteleza hata mara moja hapewi cheti.

Siku ya tatu, baada ya maharagwe ya mchana, alisinzia. Ndipo mwalimu wetu Houssein, mtoto wa mtaa wa Nyamugari hapa Gitega, akaeleza kwamba mtu aliyeacha kisha akashika chupa tena, sisi tutasema "amerudi". Kasilda alizindukia kwenye swali.

"Nani hapa asharudi?"

Akasimama kwa fahari. "Mimi, mwalimu. Mwaka 2012."

Houssein akamtazama kwa heshima. "Asante, mama. Ulirudi peke yako?"

"Na mume wangu, watoto wanne na mama mkwe."

"Hata watoto?"

"Mdogo nilimbeba mgongoni. Tulipanda basi kule kambi ya wakimbizi ya Kigoma, tukapokelewa mpakani kwa nyimbo, tukapewa blanketi na maharagwe."

Nilicheka mpaka machozi. Houssein alipopata pumzi akasema, "Mama, mi niko naongea ya chupa."

Angeweza kukaa, mambo yakaisha. Hakukaa.

"Huko nako nimerudi," alisema. "Mwaka jana, harusi ya mdogo wangu. Mrija wa pombe ya kuchangia ulinipita mara mbili. Mara ya tatu niliogopa wataona nawadharau, nikanywa. Nikanywa wiki mbili. Sasa ninyimeni cheti."

Niliona aibu kwa kicheko changu.

"Nani alikudanganya?" Houssein akauliza. "Ile kazi inataka watu kama we. Kaa, mama."

Cheti alipata. Mwezi uliopita nilimtembelea Muyinga. Nje ya kituo alikaa Egidius, seremala aliyeacha kanyanga miezi mitano, sasa ananuka tena, na kwa aibu hataki kuingia. Kasilda hakumuuliza kitu. Alimletea sahani ya maharagwe, akamfunika blanketi mabegani, kisha, kwa sauti mbaya kuliko kukoroma kwake, akamwimbia wimbo waliopokelewa nao mpakani.

Egidius akaingia ndani, nadhani ili Kasilda anyamaze.