Dereva Aliyeogopa Sahani

Modest Akonaay alianza kuogopa chakula mwaka walipomzika kaka yake Tluway huko Kansay. Kabla ya hapo alikula bila mawazo, kama madereva wengi wa watalii pale Karatu. Asubuhi supu na chapati kabla ya kufuata wageni, mchana lanchi boksi ya hoteli, jioni ugali wa nyumbani, na katikati ya hayo chochote kilichobaki kwenye gari. Kazi yenyewe ni ya kukaa. Unakaa kutoka Karatu hadi geti la hifadhi, unakaa kuzunguka kreta nzima, lile bonde la wanyama, unarudi umekaa. Mwili ukamjaa taratibu, shati la kazi likaongezwa namba, na watu wakamwambia amependeza.

Tluway alikuwa mkulima. Aliugua kisukari miaka kadhaa bila kukifuatilia, na siku alipochomwa na mwiba mguuni shambani hata hakuusikia. Kidonda kikakataa kupona. Walimkata vidole, kisha wakamkata mguu chini ya goti, na miezi michache baadaye akafa. Modest ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali, kaka yake amelala siti ya nyuma, madirisha yote wazi kwa sababu ya harufu. Harufu ile haikumtoka puani hata baada ya matanga.

Mkewe, Dorkasi, ndiye aliyemkazania akapime. Alikaa kwenye benchi la kliniki ya hospitali akiwa ameficha miguu chini, kama vile daktari angepita na kuchagua mmoja. Majibu yalipotoka, Nesi Edna, mama wa makamo anayewahudumia wagonjwa wa kisukari pale, alimvuta kiti karibu.

"Baba, sukari yako iko juu. Presha nayo haijakaa vizuri. Ila hujachelewa, unanisikia? Hujachelewa."

"Mguu je?"

"Mguu wako mzima. Tunataka ubaki mzima." Akampima uzito, kilo mia na nne. "Utatumia vidonge, na uzito utaushusha polepole. Nakupa kalori elfu moja na mia sita kwa siku."

"Kalori ndiyo nini hasa, dada?"

"Nguvu iliyomo kwenye chakula. Ugali una yake, mafuta yana yake, soda ina yake. Kwa mwili wako na kazi yako, kiasi hicho kitakupunguza bila kukuangusha. Na hivi vidonge usimeze ukiwa na njaa. Vinashusha sukari, na kama hujala vitaishusha kupita kiasi. Ukijiona unatetemeka na kutoka jasho, kunywa kitu cha sukari haraka, hata soda."

Modest alitikisa kichwa kwa kila neno. Alipofika nje ya geti alikuwa amebaki na moja tu, mguu.

Binti yao Goodness, anayesoma chuo Arusha, alikuja nyumbani mwisho wa wiki akamwekea programu kwenye simu. "Baba, unaandika ulichokula, yenyewe inahesabu. Hili duara likijaa rangi ya kijani, umefikia kiwango chako cha siku." Alimfundisha kwa uvumilivu, hadi baba yake akaweza kutafuta maharage na viazi peke yake.

Lakini Modest hakuliona duara kama binti yake alivyoliona. Kila rangi ilipopanda, yeye aliona sukari inashuka kwenye unyayo wake. Siku ya kwanza alipolala duara halijajaa alihisi ameponyoka. Siku iliyofuata akataka liwe tupu zaidi. Muda si muda alikuwa akiishi kwa yai, chai ya rangi na kipande cha kiazi, jumla yake haifiki hata theluthi ya alichoambiwa. Vidonge hakuviacha hata siku moja. Aliogopa kuviacha kama alivyoogopa wali.

Nyumbani alisema, "Nimekula njiani na wageni." Kwa wageni alisema, "Nimeshiba nyumbani." Lanchi boksi yake akawa anampa mtu yeyote getini. Kila asubuhi, mlango wa bafu umefungwa, alimulika nyayo zake kwa tochi ya simu, akapitisha kidole katikati ya kila kidole cha mguu, akinusa.

Uzito ulishuka kama jiwe. Mwanzoni walimsifu. Kisha sifa zikakoma, na kwenye mgahawa wa madereva mazungumzo yakawa yanapungua sauti akiingia. Kimaren, dereva mwenzake anayetoka Enguserosambu, hakuwa mtu wa kunong'ona. Alimuuliza mbele ya gari.

"Ndugu yangu, uko salama?"

"Niko dayati tu."

"Kwetu ng'ombe akikonda hivi hatumsifu. Tunaita daktari wa mifugo."

Modest alicheka, akawasha gari. Mikono yake ilitetemeka kwenye usukani, akasema moyoni ni baridi ya ukingoni mwa kreta.

Siku mambo yalipoharibika alikuwa amepangiwa wageni wawili tu, Watanzania. Mzee Lucas, mstaafu kutoka Singida, na binti yake Paskalina, mwalimu wa shule ya msingi, aliyetaka baba yake aione kreta kabla macho hayajafifia kabisa. Modest alikuwa amemeza kidonge kwa nusu kikombe cha chai. Ukungu ulikuwa mzito tangu getini. Walisimama kwenye sehemu ya kutazamia, ukungu ukafunguka kidogo, mzee akavua kofia bila kusema kitu. Wakaendelea hadi mahali barabara inapoanza kuteremka.

Barabara ile ni ya kushuka tu. Huwezi kugeuza, huwezi kurudi nyuma. Upande mmoja ni mlima, upande mwingine ni hewa. Modest ameishuka mara nyingi mno akiwa anasimulia habari za faru huku mkono mmoja uko kwenye gia. Asubuhi ile, alipotoka kona ya kwanza, jasho lilimtoka mgongoni ghafla, la baridi. Midomo ikafa ganzi. Barabara ikawa mbili, moja juu ya nyingine, na hakujua ipi ni ya kweli.

Akatafuta breki kwa mguu. Mguu ulikuwepo, aliuona, lakini hakuuhisi. Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa. Akawaza, umeshakufa. Umeoza ndani ya kiatu na mimi sikusikia, kama Tluway na mwiba wake.

"Dereva," alisema Mzee Lucas kwa utulivu, "mbona tunakwenda pembeni?"

Tairi la mbele lilikuwa linasaga kokoto za ukingoni. Modest alivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Gari likaruka, likazima, likasimama limeinamia bonde. Chini kabisa, katikati ya ukungu unaotawanyika, ziwa lilionekana jeupe, dogo kama sahani.

"Shukeni," Modest alisema, au alidhani amesema. Ulimi ulikuwa mzito, neno likatoka kama la mlevi.

Mzee Lucas akamsogelea kunusa pumzi yake. Haikuwa na pombe. Paskalina aliinuka siti ya nyuma akamgusa shingo, akauondoa mkono haraka kwa jinsi ilivyokuwa baridi.

"Kaka, umekula nini leo?"

"Nimekula."

"Nakuuliza umekula nini."

Modest akarudia neno lilelile. Paskalina akamgeukia baba yake. "Huyu ana njaa. Watoto wangu huanguka hivi hivi mstarini asubuhi." Tayari alikuwa amefungua lanchi boksi, ametoa juisi ya embe na kuichomeka mrija. Akaisogeza mdomoni kwa Modest.

Modest alifunga mdomo, akageuza uso kama mtoto anayekataa dawa. "Nina kisukari," alisema. "Hiyo ni sukari. Mtaniua."

Mkono wa Paskalina ulisimama njiani. Watoto wenye njaa alikuwa anawajua, mgonjwa wa kisukari hakumjua. Akamtazama baba yake, na baba yake hakujua pia. Gari lilitoa mlio mdogo wa chuma, likasogea inchi moja, likatulia. Paskalina akashika kiti kwa nguvu, machozi yakimlengalenga.

Mzee Lucas ndiye aliyeinama hadi uso wake ukawa mbele ya uso wa dereva. Akauliza polepole, kama mtu anayemuuliza mtoto njia ya nyumbani kwao, "Mwanangu, waliokupa dawa walikwambia ukiwa hivi ufanye nini?"

Sauti ya Nesi Edna ilimjia kutoka mbali, kama redio ya gari jirani. Kutetemeka. Jasho.

"Walisema ninywe," alisema. "Kitu cha sukari. Haraka."

"Basi kunywa."

Alikunywa. Alikunywa akilia, kwa sababu pamoja na kuambiwa, moyo wake ulikuwa na hakika kwamba kila funda linakwenda kukata mguu. Paskalina alimpa ya pili, kisha ndizi. Taratibu barabara mbili zikarudi kuwa moja. Kisha mguu ukarudi, kwanza kisigino, halafu vidole, vikiwa na baridi na maumivu ya kubanwa na kiatu. Alivichezesha kimoja kimoja.

Gari la nyuma lilikuwa la Kimaren. Aliliona lao limekaa vibaya, akaita askari wa hifadhi kwa redio kabla hata hajafika. Aliweka mawe chini ya matairi, akawahamishia Mzee Lucas na binti yake kwenye gari lake lililokuwa na nafasi, ili safari yao isiharibike. Mzee alirudi dirishani kwa Modest kabla ya kuondoka.

"Umesimamisha gari," alimwambia. "Mimi nitakumbuka hilo." Hakuongeza neno. Askari alipofika akashika usukani, akamshusha Modest bondeni na kumpandisha kwa barabara ya upande wa pili, wakaenda moja kwa moja hospitali.

Sylvesta, mwenye kampuni, alimfuata hukohuko, akamwomba funguo za gari. Sauti yake ilikuwa ya upole, na hilo lilimtisha Modest kuliko kama angegombezwa. "Hutaendesha mpaka daktari aniambie mwenyewe. Nina watu ndani ya yale magari."

Nesi Edna alishika simu ya Modest, akatazama siku zilizopita. Mia tano. Mia nne na themanini. Mia tatu. Akaiweka chini.

"Nilikupa elfu moja na mia sita uzifikie," alisema. "Hukunielewa, au nilisema vibaya?"

"Nilielewa, dada. Niliogopa."

"Kaka yako hakuuawa na sahani moja ya chakula. Kidonda chake kilichelewa. Wewe umekuja mapema, halafu ukataka kujiua kwa njia nyingine." Daktari akambadilishia dawa, akampa nyingine isiyoshusha sukari kwa kishindo kama zile. Chakula kikabaki kilekile alichoandikiwa mwanzo.

Jioni ile Dorkasi alipika kwa kipimo walichoelekezwa, ugali wa ukubwa wa ngumi, mboga nyingi, maharage, kipande cha samaki. Modest alikaa mbele ya sahani. Alimega tonge, akalirudisha.

"Baba Goodness, kula."

"Naogopa." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo nyumbani. Akamsimulia yote, tochi ya bafuni, harufu, duara la kijani, lanchi boksi alizogawa getini. Dorkasi alisikiliza akiwa ameweka mikono mapajani. Alipomaliza, mkewe akasema, "Mimi nilikwenda kupima."

"Kupima nini?"

"Virusi. Nilikwenda Mbulu, mahali nisipojulikana. Ulivyokonda, na watu wanavyonitazama sokoni, nikasema wewe unajua na unanificha. Nilikaa pale nikiwa nimeshaamua nani atamlea Goodness amalize chuo." Akafuta uso kwa kanga. "Walinipa majibu mazuri, nikashindwa kufurahi. Nikawaza basi ni saratani. Kila ukipumua usingizini nahesabu."

Miezi yote hiyo Modest alidhani hofu ile ni yake peke yake, kumbe ilikuwa inalala katikati yao kitandani. Dorkasi alivuta kiti chake, akamega tonge kwenye sahani ya mumewe, akachovya, akala mwenyewe. Kisha akamsogezea sahani. Modest akala. Ilimchukua muda mrefu, ugali ukapoa, na mara mbili alisimama akaenda mlangoni kupata hewa. Lakini alimaliza. Dorkasi ndiye aliyeandika kwenye simu, kwa kidole kimoja, akiuliza "samaki yuko wapi humu?" na duara likajaa karibu lote.

Alikaa bila kuendesha hadi mvua zilipokwisha. Uzito ulirudi kidogo, naye akapoteza usingizi wiki nzima, kisha ukaanza kushuka tena, safari hii kidogokidogo. Sukari ikatulia. Daktari alipozungumza na Sylvesta, funguo zikarudi, kwanza kwa safari za mjini na uwanja wa ndege, baadaye za kreta. Hofu haikuisha. Zipo siku anapofika jioni akiwa bado hajafikia kiwango chake, na inambidi akae peke yake jikoni na bakuli la maziwa mgando na ndizi, akilazimisha kijiko kama mtu anayevuka mto kwa miguu bila kuona chini.

Mwezi uliopita alikuwa kliniki kwa kipimo chake cha kawaida. Nesi Edna alimwomba akae na mama mmoja aliyeambiwa asubuhi ileile kwamba ana kisukari, mkulima wa vitunguu, ambaye alikuwa amejifunika kanga hadi machoni na hataki kuongea na mtu. Modest alikaa karibu naye. Hakuwa na maneno ya kumtia moyo, na kudanganya kwamba haogopi hakutaka. Basi akamweleza alichokula asubuhi ile: mayai mawili, kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha, nusu parachichi, na chai ya maziwa bila sukari.

Yule mama akateremsha kanga kidogo.

"Kiazi chote?" aliuliza.

"Chote," alisema Modest.