Kuku Aliyetembea na Baba

Magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi viwandani, yakilowa mvua hutoa harufu kali, chungu kidogo, na mwaka ule harufu hiyo ilikuwa imeganda kwenye koti la baba. Tuliishi upande wa Njombe, kando ya barabara ya Makambako, enzi za Waingereza, na baba alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la magome. Kabla ya hapo alikuwa akimenya miti na kubeba mizigo begani, na mtu akimwambia aende Lupembe kwa miguu, alikwenda. Walipompa kiti na penseli, tulishangilia. Akaanza kunenepa, nasi tukajivunia kitambi chake kama vile tumekilima wenyewe. Halafu ikaja kiu. Alikunywa maji kata kwa kata, akaamka kila mara kwenda nje, akapungua ghafla hadi koti likampwaya.

Mama alimpeleka hospitali ya misheni. Daktari alichemsha mkojo wake pamoja na dawa ya buluu, ukageuka rangi ya tofali, akawaambia ni ugonjwa wa sukari. Sindano za kuutibu zilikuwa haba. Alimkataza pombe na vitu vitamu, akampunguzia ugali, kisha akamwambia atembee kila asubuhi kabla ya kazi, kwa haraka, hadi jasho limtoke. Neno mazoezi sisi tulilijua la shuleni tu, na mtu mzima kupewa kutembea kama dawa lilikuwa jambo la kuchekesha. Mama hakucheka.

Shida ilikuwa barabarani. Kwetu humpiti mtu hivihivi. Mnasimama, mnaamkiana, kisha anakuuliza unakwenda wapi, nawe unamweleza. Baba alikuwa mzee wa kanisa na hakujua kudanganya, akawa anajibu, "Natembea tu." Mtu mzima, mikono mitupu, natembea tu! Wiki haikuisha, watu wakaanza kunong'ona kwamba akili imemruka, na wengine wakasema mama anamfukuza mgonjwa nyumbani. Ndipo mama akampa safari. Alimfunga kuku miguu, akamtia kwenye kikapu, akamwambia ampeleke kwa shangazi yangu ng'ambo ya mto. Kesho yake baba alikwenda kumrudisha, kesho kutwa akampeleka tena. Alikuwa jogoo mwekundu, mkali, na nadhani hakuna kuku wa kwetu Ubena aliyeijua barabara ile kuliko yeye. Mimi, Eliza, msichana wa miaka kumi, nilikwenda nao hadi darajani kabla ya shule, nikikimbia ili nisiachwe. Baridi ilituuma masikio, ukungu umefunika miwati, na baba akihema huku akitabasamu. Miezi miwili baadaye mkojo wake ulitoka kijani kwenye ile dawa, maana yake sukari imepungua. Mama aliimba siku nzima.

Mimi ndiye niliyeharibu. Jirani yetu mmoja, mama mcheshi aliyependa kunitania, alinikuta kisimani akaniuliza mbona kuku ni yuleyule kila siku. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilifurahia kujua siri ya wakubwa, nikamwambia hana kazi yoyote yule kuku, ni ili baba apate kutembea. Jioni habari ilikuwa imefika kila jiko. Watoto wakampa baba jina, Mtembeza Kuku, na kule ghalani wanaume wakamuuliza kama jogoo amepata cheo. Baba aliyavumilia hayo. Ambaye hakuweza kumpinga ni baba mkubwa, kaka yake, aliyekuja kutoka Matembwe akiwa amekasirika.

"Mdogo wangu hawezi kuzurura kama mwendawazimu na sisi tupo," alimwambia mama. "Mgonjwa hukaa, akahudumiwa."

"Shemeji, daktari alisema..."

"Daktari huyo ndiye atakayemzika?"

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza hadi leo. Alimpenda ndugu yake. Alimwekea kiti karibu na moto, akamletea asali na ulanzi, pombe ya mianzi, akamchinja yule jogoo ili mgonjwa apate mchuzi. Baba alikula kwa heshima. Tangu siku hiyo hakutoka tena asubuhi, na kiu ikarudi. Siku moja kaa la moto lilimwangukia mguuni, naye hakulisikia, maana ugonjwa ulikuwa umemtia ganzi miguuni. Mama ndiye aliyenusa ngozi ikiungua. Kidonda kile hakikupona, kilipanda mguu wote, na tulimzika kabla ya mvua za kupandia.

Siku hizi pale Makambako watu wanakimbia alfajiri wakiwa na raba na jezi, hawana mzigo, hawana safari, na hakuna anayewasimamisha. Wajukuu wangu wanayaita mazoezi, wanapiga na picha. Mimi pia nina sukari, nami hutembea kila asubuhi, polepole, magoti yakinilalamikia. Mama hakunilaumu hata mara moja hadi alipofariki, na mara nyingi nimetamani angenilaumu. Umri wangu sasa ni karibu mara mbili ya ule aliofikia baba. Kila asubuhi ninaporudi nyumbani mzima, jasho likinitoka, najua barabara kabisa nilimnyang'anya nini.